Mama mkwe anasema mbege ni chakula, ninywe nikiwa na mimba?

SWALI: Shikamoo mkunga. Nimeolewa Rombo, nina mimba ya kwanza ya wiki 9. Kabla sijajua nilikuwa nakunywa bia mbili tatu kila mwisho wa wiki, na kwenye harusi moja nilizidisha. Nilipopima nikaacha. Sasa mama mkwe ananiletea mbege kila jioni. Anasema ni chakula, inaongeza damu, na yeye aliinywa kwa mimba zote sita na watoto ni wazima. Je, mbege nayo ina madhara? Na zile bia zimeshamdhuru mwanangu?

JIBU: Marahaba, dada. Mbege usinywe, hata nusu kata.

Mama mkwe ana sababu ya kuiita chakula, maana ndani kuna ndizi na ulezi. Lakini ikishachacha, sukari yake inageuka pombe ileile iliyo kwenye bia. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu. Mbege ya nyumbani haina anayeipima. Tuseme ina asilimia 3 tu: kata ya lita moja itakuwa na mililita 30. Umeizidi ile bia, na ulidhani unakunywa uji.

Pombe hiyo inapita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi, na baada ya muda mfupi damu ya mtoto inakuwa na kiwango kinachokaribia chako. Ini lako linaweza kuivunja, lake bado changa. Sehemu anaitoa kwa mkojo ndani ya maji ya uzazi, kisha anayameza tena maji hayohayo. Kwa hiyo wewe umeshalevuka, yeye bado anayo.

Hatari ni mimba kutoka, mtoto kufia tumboni, kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Kinachoumia zaidi ni ubongo. Daktari Paul Lemoine wa Ufaransa aliandika juu ya watoto walioumizwa na pombe tumboni mwaka 1968, na mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaeleza dalili zao: kichwa kidogo, macho yenye mwanya mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji kati ya pua na mdomo kuwa bapa. Ila wengi walioathirika hawana sura hiyo, na hapo ndipo panaponiuma. Mtoto anaonekana mzima, anafika darasa la pili hesabu hazikai kichwani, hatulii, anachapwa kwa utukutu, wala hakuna anayekumbuka pombe ya wakati wa mimba.

Kuhusu wale sita: madhara hayampati kila mtoto kwa namna moja. Hata mapacha wasiofanana, waliolala tumbo moja, mmoja anaweza kuumia kuliko mwenzake. Ndiyo maana hakuna kiwango ambacho mkunga anaweza kukwambia ni salama.

Zile bia za nyuma hakuna kipimo cha kutuambia zilifanya nini, na ultrasaundi haionyeshi jeraha la namna hii kwenye ubongo. Lakini ubongo unaendelea kujengwa hadi siku ya kujifungua na baada yake, kwa hiyo kuacha kwako kumemsaidia sana. Wanawake wengi hunywa kabla ya kujua, usijitese. Kliniki mwambie muuguzi ulivyokunywa, na ile harusi pia, aandike. Vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki atakavyokupa, meza kila siku. Damu inaongezwa na hivyo, siyo na mbege.

Kwa mama mkwe, mtangulize mume wako azungumze naye kwa heshima. Mwombe akupikie uji wa ulezi na mtori. Atabaki na nafasi yake ya kukulisha.

Na dada mwingine anayesoma hapa, mwenye mimba na anayekunywa kila siku, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kutoka jasho, hata kupata degedege, na hilo ni hatari kwake na kwa mtoto. Aende hospitali asaidiwe kuacha.