Baiskeli na watoto bila magari: nendeni Monsal Trail

Dada umeuliza wapi mashambani Uingereza mtaendesha baiskeli na watoto bila kubanana na magari, mi nakwambia nenda Monsal Trail kule Derbyshire. Ni reli ya zamani ilofungwa 1968, kama kilomita 13 na nusu toka Bakewell kwenda upande wa Buxton, na kwa vile treni haiwezi mlima mkali njia nzima mteremko ni mdogo sana, hata mtoto anayejifunza anaiweza.

Utamu wenyewe ni mahandaki, yalifunguliwa 2011 na mchana yana taa, ukiingia tu baridi inakupiga usoni hata kama nje jua kali, so beba masweta. Ukitokea Bakewell, ukimaliza handaki la Headstone unajikuta juu ya daraja refu la mawe na mto Wye uko chini kabisa, hapo wangu walishusha baiskeli wakaegemea ukuta, kuondoka hawataki!

Za kukodi zipo Hassop Station, wikendi wahi. Mkiwa Cornwall basi Camel Trail, kipande cha Wadebridge hadi Padstow, tambarare kabisa, ila Agosti watu kibao.