Cheni za trekta ndogo: angalia meno ya tairi kwanza, bei baadaye

Wiki iliyopita ndugu mmoja Mkenya aliye Maine, huku Marekani, aliniandikia meseji ndefu, amenunua ekari chache na trekta ndogo, theluji imeanza kumfungia na anauliza tu habari ya cheni za kufunga kwenye tairi zisiteleze, "Kaka, ninunue cheni gani? Nimeona za bei nafuu mtandaoni." Nilimpigia simu tukaongea mpaka chai ikapoa, halafu nikaona afadhali niandike hapa kwa sababu najua mko wengi, mmetoka kwa apatimenti mkapata nyumba nje ya mji, na kila Novemba swali ni hilo hilo.

Mimi niko Minnesota, kaskazini mwa Minneapolis. Njia yangu kutoka barabarani mpaka mlangoni ni ya changarawe, inapanda kilima halafu inakata kona pale ambapo ardhi imelalia upande mmoja. Mke wangu ni nesi, shifti yake inaanza saa moja asubuhi na lazima afike, kwa hivyo saa kumi na moja mimi niko juu ya trekta. Theluji laini hainisumbui, trekta ya fowili, ile inayosukumwa na magurudumu yote manne, inaisukuma vizuri bila cheni. Kinachotumaliza ni ile wiki ya Januari joto linapanda kidogo, theluji inayeyuka, mvua inanyesha juu yake, halafu usiku baridi inarudi na njia yote inageuka kioo. Wazee wa hapa bado wanaongea ile dhoruba ya Halloween ya 1991, Duluth, kaskazini mwa jimbo, ilipata inchi 36.9 za theluji, lakini ukimuuliza mtu wa kusini mwa jimbo atakwambia habari ya barafu. Kwa barafu fowili haikuokoi, magurudumu yote manne yanateleza pamoja.

Sasa niwaambie. Majira yangu ya baridi ya kwanza na trekta nilienda kwa duka moja, silitaji jina, nikamweleza muuzaji kila kitu, kilima, kona, shifti ya mke, akasema chukua hizi za ngazi zinatosha. Hata hakutoka nje kuangalia tairi. Cheni za ngazi ni zile zenye mnyororo pande zote mbili za gurudumu na vipande vinavyokatiza tairi kutoka upande huu mpaka ule. Zile alizoniuzia vipande vyake viko mbalimbali, kimoja kila baada ya pete nne za mnyororo wa pembeni, na tairi zangu za nyuma ni zile za shamba, R1, meno marefu yamelala mshazari. Kipande kinadumbukia katikati ya meno mawili kinapotea, na kinachogusa barafu ni raba ileile. Umevaa cheni na huna cheni. Siku ya barafu trekta iliteremka ile kona kiubavu, ndoo ya mbele imejaa, ikaenda kusimama kwa mti wa jirani. Niliporudisha zile cheni yule bwana alikataa kuzipokea ati zimeshatumika, halafu akasema mbele ya wateja wengine kwamba watu waliotoka nchi za joto hawajui kuendesha kwa theluji. Hilo neno bado liko hapa kifuani, siwezi kudanganya. Mimi nimekulia Kisii, kilima na utelezi nilivijua kabla sijajua kusoma, na tena hakuna udereva wa kushika barafu kwa raba tupu, hata uzaliwe hapa.

Kwa hivyo ndugu yangu, kabla hujafungua simu kutafuta bei, toka nje upige goti uangalie tairi yako. Kama ni R1, hizi za meno marefu, achana kabisa na ngazi ya pete nne, nunua za daimondi, zile zimesukwa kama wavu, maana zinapita juu ya meno badala ya kuzama. Kama ni R4, zile pana zenye meno mafupi manene, ngazi ya pete mbili, yenye kipande kila baada ya pete mbili, itakubeba kwa njia tambarare, lakini ukiwa na mteremko wowote rudi kwa daimondi. Za bustani, R3, meno yake ni madogo, ngazi ya pete mbili inakaa vizuri. Sababu ni moja: ngazi inashika ukienda mbele na nyuma, kiubavu inakuachilia, na mteremko unakuvuta kiubavu. Daimondi ina chuma cha mshazari, inashika kote, na trekta haikurukishi kwa kiti.

Halafu kuna zenye vyuma vya V vimechomelewa kwa pete. Kwa barafu hizo ndizo mwisho wa maneno. Mimi nina changarawe, nimeweka. Wewe mwenye lami usiweke, zitaikwaruza mpaka ulie.

Saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 15-19.5, hiyo ndiyo unaagizia, usimwambie mtu trekta yako ni ya nguvu ngapi ukadhani atajua tairi.

Na pima nafasi! Hapa ndipo watu wanaumia. Ingiza mkono kati ya tairi na madigadi, kati ya tairi na ile mikono ya nyuma ya kuinulia vifaa, kote chuma kitapita. Ikiwa pamebana, kuna spesa za kusogeza gurudumu nje. Kama unataka za mbele pia, kata usukani mpaka mwisho pande zote uone cheni haitagonga loda, ile mikono inayobeba ndoo ya mbele, na usome kitabu cha trekta kama inaruhusu.

Lakini anza na za nyuma. Trekta nyingi ndogo breki ziko magurudumu ya nyuma peke yake, na ndoo ikijaa mbele nyuma kunakuwa kwepesi, sasa utasimamaje? Weka uzito nyuma, boksi la zege au tairi zilizojazwa maji yasiyoganda. Kati ya maji hayo, kloridi ya kalisi inakula rimu, mimi nimejaza juisi ya biti. Na ukiteremka acha fowili ikiwa imeingia, ili magurudumu ya mbele nayo yasaidie kuzuia.

Juzi barafu ilipokuja tena nilifungua njia yangu yote, nikaenda nikafungua na ya yule jirani mwenye mti, nilipanda ile kona na ndoo imejaa na trekta haikutikisika. Nilijisikia vizuri sana, wacha niseme. Na nawaomba, msinunue kitu cha kushika maisha yenu kwa sababu ni rahisi au kwa sababu muuzaji amevaa kofia ya kampuni. Muulize kwa nini. Akishindwa kueleza, toka.

Ukishafunga, endesha kidogo, simama, kaza tena, kwa sababu lazima zitalegea. Wa Maine nimemwambia achukue daimondi bila V, tairi zake ni R4 na njia yake ni lami yenye mteremko. Wengine mkiniandikia tumeni picha ya ubavu wa tairi, ya meno, na ya nafasi ya madigadi, na msingoje theluji ianguke ndio mtafute, wakati huo saizi yako itakuwa imeisha dukani.