Kwanza tuulizane ng'ombe ni wa nani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza halmashauri za vijijini zifanye nini ili huduma za ugani ziwafikie vijana, na vijana wenyewe waone ufugaji ni kazi ya kuwaweka kijijini. Wengi watawajibu mikopo, semina na mashamba darasa. Mimi nasema kabla ya hayo yote ijulikane mnyama ni wa nani. Kazi yangu ni kupokea maziwa kwenye kituo kimoja cha kukusanyia huku Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi, na ninayoandika ni yale yanayopita mbele ya meza yangu.

Anayesema vijana wa Uchagani hawafugi hajawahi kusimama kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Foleni ni yao. Wameamka giza halijatoka, wamezoa samadi, wamekatakata shina la mgomba, wameosha kiwele, wamekamua, na sasa wanakuja na keni mkononi au wameifunga nyuma ya pikipiki. Natumbukiza laktomita kuona kama maziwa yametiwa maji, nachanganya kidogo na spiriti kuona kama yatakatika, napima, naandika lita. Halafu naandika jina, na jina si la huyo aliyeyaleta. Daftari langu limejaa wazee ambao wengine wao huwa nakutana nao misibani tu. Mwisho wa mwezi fedha inaingia kwenye simu ya mzee. Kijana anasikia mlio.

Sisemi wazee ni wezi. Ndivyo mambo yalivyopangwa huku kwa muda mrefu: kahawa ya baba, ndizi na maziwa vya mama. Tangu KNCU, ushirika wetu wa kahawa, ianze mwaka 1933, kahawa iliandikwa jina la mwenye kihamba, yaani shamba la familia la migomba na kahawa, hata kama waliochuma ni mke na watoto. Kina mama nao walishikilia maziwa, na kule Nronga, wilaya ya Hai, wanaendesha ushirika wao wa maziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi kahawa imepungua na maziwa yamekuwa fedha ya maana, basi baba naye amesogea bandani. Katika mgawanyo huo wote kijana hana fungu. Anakula, analala, analipiwa ada kama bado anasoma, anaambiwa "asante mwanangu". Akifika miaka ishirini na kitu anakwenda kuendesha bodaboda ya mkataba, na tunamlaumu kwamba hapendi kazi ya jembe na banda. Bodaboda ina taabu zake, lakini jioni anajua hesabu yake na hakuna anayempokea noti mlangoni.

Sasa njooni kwenye ugani. Afisa mifugo wa kata akifika kwenye mji wa mtu anauliza mwenyeji yupo. Ni adabu, na mimi ningefanya hivyohivyo. Anakaribishwa, anakaa na mzee, wanazungumza kupe, pumba, mashudu, chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kijana yuko bandani ameshika kamba. Mafunzo yakitangazwa kijijini, mialiko inakwenda kwa wenye mifugo, maana yake wazee. Mzee anarudi na kijitabu na fulana. Kijana anaendelea kukamua kama alivyokuwa anakamua.

Hasara yake ionekane kwenye jambo moja tu, la kupandisha. Ng'ombe asiposhika mimba, joto, yaani hali ya kutaka dume, humrudia baada ya kama siku 21, nalo halikai hata siku nzima. Kanuni wanayoifundisha wataalamu ni rahisi: ukiliona asubuhi, apandishwe jioni, ukiliona jioni, apandishwe kesho asubuhi. Nani analiona? Ni yule anayelala jirani na banda, anayesikia ng'ombe analia usiku, anayeona asubuhi amesimama tuli wenzake wanampanda, ute unamtoka. Ni kijana. Namba ya mhimilishaji, mtaalamu anayepandisha kwa mbegu za chupa bila dume, iko kwa nani? Kwa mzee. Fedha ya kumlipa iko kwa nani? Kwa mzee, na mzee amekwenda harusini Rombo. Anarudi kesho kutwa, joto limepita, wanasubiri wiki tatu nyingine. Ikitokea hivyo mara kadhaa ndani ya mwaka, ng'ombe anakula majani bila mimba, na mwisho wa yote utasikia "mbegu za chupa hazifai huku". Mbegu hazina kosa. Kituo cha taifa cha uhimilishaji tunacho Usa River, kwenye barabara hii hii ya kwenda Arusha. Chuo cha mifugo, LITA, kiko Tengeru, mbele yake kidogo. Kanda ya Kaskazini haina njaa ya wataalamu kiasi hicho. Utaalamu unafika kwenye sebule, ng'ombe yuko bandani.

Niliwahi kusoma namna Wamarekani wanavyofanya. Kwao ugani ulipata sheria yake mwaka 1914, sheria ya Smith-Lever, iliyounganisha wizara ya kilimo, vyuo vikuu vya majimbo na kaunti, na ndani ya mfumo huohuo watoto wana vilabu vinavyoitwa 4-H. Mtoto anachukua ndama, kondoo au nguruwe, anamlisha, anamfundisha kutembea kwa kamba, anampeleka kwenye maonyesho ya kaunti. Picha zake zinapendeza, ila mimi nilivutiwa na masharti. Kwa kawaida pana tarehe ambayo ikifika, mnyama lazima awe mali ya mtoto. Hawezi kuja kuazima wa baba yake wiki ya maonyesho. Na pana daftari la mtoto mwenyewe: alimnunua kwa bei gani, amekula nini, ametibiwa nini, ana uzito gani, ameuzwa kwa ngapi. Mnada wa maonyesho ukiisha, faida ni ya mtoto na hasara ni yake. Najua mnada wao una huruma ndani yake, kwa kuwa wenye maduka wa mjini hununua juu ya bei ya soko ili kuwatia moyo watoto. Maziwa ya Kibosho hayana huruma hiyo, na kijana wetu wa miaka 24 si mtoto wa kupigiwa makofi. Lakini mali kuwa yake na daftari kuwa lake ni masharti yasiyohitaji dola.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kwa wafugaji wa Monduli na Longido, mtoto wa kiume huonyeshwa mapema wanyama walio fungu lake ndani ya zizi la baba, naye anawajua kwa rangi na kwa mama zao. Hata sisi Wachagga tulikuwa na kuwekesha: mwenye ng'ombe wengi anampa mwenzake mmoja amtunze, mtunzaji anapata maziwa na samadi, na kwenye uzao wanaelewana. Watu wazima wawili, kila mmoja anajua chake. Ajabu ni kwamba tulikuwa tayari kupatana hivyo na jirani, na kwa mtoto tuliyemzaa inaonekana ni kukosa heshima.

Kwa mabinti hali ni mbaya zaidi na inachekesha kidogo. Binti anapewa vifaranga na mradi fulani wa vijana, chotara wazuri. Anawadondoshea jichoni chanjo ya kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, kila miezi mitatu kama alivyofundishwa, anawajengea banda, wanakua. Mgeni anafika Jumapili. Kuku anakamatwa. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu ni kuku wa nyumbani. Mwezi unaofuata ni padri, halafu mjomba kutoka Dar es Salaam. Mratibu wa mradi akija kufanya tathmini anaandika kwamba vifo vilikuwa vingi. Na kweli walikufa.

Najua halmashauri zina fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vijana wakiwa na asilimia 4 ndani yake. Ni jambo jema na sina la kuongeza, isipokuwa hili: kijana akiulizwa ana uzoefu gani wa ufugaji, na amekuwa akileta maziwa kwangu tangu yuko sekondari, hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Lita zake zote ziko kwa jina la baba.

Miradi ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe tunaijua huku. Unapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwenye mimba, akizaa jike, huyo unampitisha kwa mwenzako. Ukitaka kumpa kijana, mtamba huyo ndiye mzuri, kwa kuwa ndani ya miezi anakamua. Ukimpa ndama wa kike aliyeachishwa maziwa juzi, unamwambia asubiri kama miaka miwili ya kukata majani kabla ya kuona tone, kiangazi cha Januari na Februari kikimkuta anafuata nyasi tambarare kwa gharama. Kwa asiye na akiba bora mbuzi wa maziwa, ambaye mimba yake ni miezi mitano. Lakini tazameni fomu zinavyojazwa. Zinauliza jina la mkuu wa kaya, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ardhi ya kuotesha mabingobingo, majani ya malisho, na mahali pa kujenga banda. Mradi umeandikwa wa vijana, na ng'ombe ameshukia kwa mzee kabla hajateremshwa kwenye gari.

Wazee wana hoja zao na si za kupuuza. Mmoja aliniambia hivi: "Mama, kihamba ni changu, maji ni yangu, nyasi nanunua mimi. Nikimwandikia ng'ombe atamuuza anunue simu, aende Dar." Inatokea. Ila nilimuuliza, na ng'ombe wako uliyemuuza ulipomwoza binti yako, alikuuliza mtu? Alicheka. Mwenye mali anaweza kuuza, hiyo ndiyo maana ya kuwa mwenyewe, na kijana atakayemuuza mmoja kwa ujinga hana tofauti na mzee aliyewahi kufanya hivyo. Hoja ya nyasi ina uzito zaidi. Kwa hiyo waandikiane: kijana anachangia kiasi gani cha pumba na nyasi, au analipa kwa kazi kwenye ng'ombe wa mzee, na samadi inakwenda kihamba cha nani. Karatasi moja mbele ya mwenyekiti wa kitongoji inatosha. Kwa mtoto wa mwisho, ambaye kimila ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, wengine watasema ya nini karatasi, vyote si vitakuwa vyake? Vitakuwa vyake akiwa na miaka hamsini.

Pale kituoni tulijaribu njia ya katikati. Tukakubaliana na familia chache kwamba ng'ombe abaki wa mzee, maziwa ya asubuhi yaandikwe kwa mzee na ya jioni kwa kijana, kila mmoja na mstari wake na namba yake ya simu. Vijana walifurahi, wazee hawakupinga sana. Haikuchukua muda mzee mmoja akaja kulalamika kwamba ng'ombe wake anatoa zaidi jioni kuliko asubuhi. Ng'ombe aliyekaa usiku kucha bila kukamuliwa hafanyi hivyo mwenyewe. Kijana alikuwa anamaliza kukamua mapema asubuhi, akibakiza kwenye kiwele, na pumba yote anaiweka mchana. Kumbe anajua sana lishe ya ng'ombe, hakuwahi kupata sababu ya kuitumia. Ila ni hatari, maziwa yanayobaki kila asubuhi yanaalika ugonjwa wa kiwele, na nyumba inaanza kuchungana. Tukaacha. Mnyama wa nusu kwa nusu analelewa kwa hila.

Kwa hiyo awe mzima, hata kama ni mbuzi. Afisa mifugo awe na orodha ya pili kwenye daftari lake, ya wanaoshika kamba, na namba zao, na akifika asalimie sebuleni kisha aende bandani. Mhimilishaji apokee simu ya kijana. Mimi kwa upande wangu niko tayari kufungua ukurasa kwa jina la yeyote atakayekuja na keni na karatasi ya kitongoji. Na lipo hili la utambuzi: sheria ya kusajili mifugo tunayo tangu mwaka 2010, na mwaka 2025 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na hereni za kuwatambulisha wanyama. Hereni inaandikishwa kwa jina la mwenye mnyama. Wakifika huku wasiulize sebuleni tu.