Siku ya Dhoruba, Chagua Lifti Kabla ya Mteremko

Theluji ikianguka usiku kucha na asubuhi bado inamwagika, wanaoteleza kwa skii wengi hukimbilia lifti ya waya inayowapandisha mlimani hadi kileleni. Mimi huwaacha waende. Siku kama hiyo kilele huwa kimefungwa, au kitafunguliwa saa tano na kufungwa tena saa sita, na waliopanga foleni pale watamaliza asubuhi wakitazama migongo ya wenzao.

Watu huuliza zimeanguka sentimita ngapi. Ulizeni kwanza upepo unatoka wapi, na lifti ipi itaweza kuuvumilia. Vibanda vinavyoning'inia kwenye waya mmoja huyumba, na kama njia yake inapita ukingoni mwa mlima, ndivyo vitakavyosimamishwa mapema. Viti vyenye kifuniko cha plastiki ni raha wakati wa baridi, ila kile kifuniko hushika upepo kama tanga. Vibanda vya nyaya tatu huhimili upepo zaidi, lakini si kila kituo kinavyo. Wakati huohuo lifti ya kukokota, ile inayokuvuta skii zikiwa chini, pamoja na viti vya kizamani vya watu wawili vinavyopita chinichini kati ya miti, huendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni za polepole na hazina anasa, ndiyo maana hazina foleni. Nikifika mahali pageni, naitafuta lifti hiyo kwenye ramani hata kabla ya kukata tiketi: fupi, iliyo katikati ya mlima, yenye msitu kulia na kushoto.

Nasema katikati kwa sababu joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chini kabisa unaweza kukuta mvua, na juu kabisa huoni ncha za skii zako.

Na kutokuona si jambo dogo. Wingu likishuka, ardhi na anga huwa rangi moja. Tuta hulioni, shimo hulioni, na wapo wanaopata kizunguzungu wakidhani bado wanateleza kumbe wameshasimama. Miti hulipatia jicho kitu cha kushika. Kwenye Alps msitu huishia karibu mita 2,000, kwa hiyo anayelala Val Thorens, kijiji cha Ufaransa kilicho mita 2,300, hana mti wa kumsaidia; afadhali ashuke upande wa Méribel au La Tania, vijiji jirani vilivyo chini zaidi, mradi ahakikishe lifti ya kumrudisha haitafungwa jioni. Colorado wamebahatika, kwani huko miti hupanda hadi kama mita 3,500. Ukilazimika kubaki mahali peupe, fuata nguzo za kando ya njia. Ufaransa zile za mkono wa kulia wa anayeshuka zina kichwa cha rangi ya machungwa. Miwani iwe ya kioo cha njano au waridi. Kile cheusi kiache chumbani.

Sasa theluji yenyewe iko wapi? Ukiwa kwenye kiti, tazama matawi na nguzo za lifti. Barafu nyeupe iliyoota kama vimanyoya huelekea kule upepo unakotoka. Upande huo theluji imefagiliwa. Upande wa demani, uliojificha na upepo, ndiko ilikolundikwa: taarifa inasema sentimita 20, wewe unazama hadi mapajani. Lakini mzigo huohuo ndio unaokatika. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, kwa hiyo kamba ya doria, yaani walinzi wa usalama wa mlima, ikisema pamefungwa, pamefungwa. Kutoka nje ya mipaka ya kituo dhoruba ikiwa bado inavuma, hata ukiwa na koleo, kijiti cha kupimia na kifaa cha kutafutana, mimi sishauri kabisa.

Msituni nako usichague palipo tambarare. Theluji nzito itakukwamisha, na anayeteleza kwa ubao mmoja badala ya skii atajisukuma kwa mikono. Mteremko wa nyuzi 25 hivi, wenye miti iliyoachana, unatosha sana.

Kuna hatari moja ambayo wageni hawaifikirii. Chini ya misonobari yenye matawi ya kuning'inia, theluji haijai vizuri kuzunguka shina. Hubaki shimo lililofunikwa juu. Aliyetumbukia humo kichwa chini ni nadra kujitoa mwenyewe, kwani kila akifurukuta theluji humwangukia. Kwa hiyo toa mikono kwenye vitanzi vya fimbo, vaa filimbi shingoni, na usimwache mwenzako atoke machoni pako. Si "tukutane chini". Ukihisi unaanguka karibu na shina, kumbatia mti au shika tawi, miguu ibaki chini.

Chukua glavu za akiba pia. Nyuzi -10 zikikutana na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi husikia kama -21, na kwenye kiti kilichosimama njiani huna pa kukimbilia.

Kilele usikisahau, ila kisikilize kwa mbali. Milipuko ambayo doria huitumia kuangusha theluji hatari ikikoma na viti vitupu vikaanza kupanda, toka msituni usogee karibu na lango. Ukikuta foleni imeshafika kwenye ngazi za mgahawa, rudi kwenye lifti yako ya polepole. Theluji inayoendelea kuanguka itakuwa imeshafuta nyayo zako za asubuhi.