PBX ya gesti inajizima yenyewe, ninunue mpya?

Shikamoo fundi. Gesti yetu hapa Tanga ina PBX ndogo, ile mashine ya kuunganisha simu za ndani, laini za vyumbani 8, juzi umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, sasa inawaka sekunde chache inazima inawaka tena, simu zinavuma tu. Ninunue mpya?

Marahaba mwanangu, usinunue kwanza, dalili hiyo mara nyingi ni pawasaplai, yaani sehemu inayoilisha mashine umeme, sio mashine yenyewe. Zima, chomoa waya zote za vyumbani, washa tena. Ikitulia basi kuna simu au waya umepiga shoti unavuta umeme wote, rudishia moja moja mpaka umpate mchawi. Ikiendelea, mpe fundi afungue pawasaplai aangalie kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizovimba kichwa kama andazi au zinazovuja maji ya kahawia ndizo zimekufa, abadilishe kwa uwezo uleule na volti zisipungue, achague za kuhimili nyuzi 105 maana joto la Tanga unalijua. Ila wewe usifungue, nakuomba sana, kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti 320 hivi hata ukishachomoa ukutani, nimeona mkono wa mtu umeungua.