Ukiandaa Usiku wa Jazz kwa Ajili ya Wanyamapori, Mwache Mnyama Kituoni

Kwa kuwa nimekaa kwa muda katika kamati za hafla za kuchangia wanyamapori hapa Nairobi, watu wanaopanga usiku wa jazz kwa ajili ya kituo cha kuokoa na kutunza wanyama hunijia kutaka ushauri, na swali linalotangulia karibu kila mara ni hili: je, tunaweza kumleta mnyama mmoja ukumbini ili wageni wamwone? Jibu langu ni hapana. Nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu mtu akishalielewa vizuri, mambo mengi ya usiku huo, kuanzia mahali pa kufanyia hadi picha ya kuweka kwenye tangazo, hujipanga yenyewe.

Kituo cha namna hii si bustani ya wanyama. Kazi yake ni kumpokea mnyama aliyejeruhiwa au aliyepoteza mama, kumtibu, kumlea kwa kadiri inavyohitajika, kisha kumrudisha porini akiwa na uwezo wa kujitafutia chakula na kujihadhari, na sehemu kubwa ya kujihadhari huko ni kumkwepa binadamu. Tumbili aliyezoea kupewa ndizi na watalii huishia kuvamia vyumba na majiko, na malipo yake huwa ni mawe au sumu. Mbega wa Diani, ambao hugongwa na magari kwenye barabara inayofuata ufuo na kuunguzwa na nyaya za umeme zisizofunikwa, wanahitaji utulivu mkubwa wanapouguzwa. Kakakuona ni mgumu zaidi: hula sisimizi na mchwa, kwa hiyo mlezi hulazimika kumtembeza nje kwa saa nyingi ili ajichimbulie mwenyewe. Kumweka mnyama kama huyo mbele ya spika, taa za rangi na ukumbi mzima wa watu walioinua simu ni kuibomoa kwa usiku mmoja kazi ile ile ambayo tiketi ziliuzwa ili kuigharamia.

Huwa naulizwa, basi na ndovu je, mbona wao hutazamwa? Ni kweli kwamba ndama yatima wanaolelewa na shirika la Sheldrick, pembezoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, hupokea wageni, lakini ni kwa saa moja tu mchana, na wageni ndio wanaowafuata wao. Baadaye ndama hao huhamishiwa katika vituo vya shirika hilo vya Voi, Ithumba au Umani, ambako huchukua miaka kadhaa kuzoeana na ndovu wa porini kabla ya kuondoka kwa hiari yao. Hata walezi hupokezana zamu za kulala nao, ili ndama asimng'ang'anie mtu mmoja akaja kudhoofika siku mtu huyo asipokuwapo.

Kuna hafla ambazo wanaosaidiwa huweza kuonekana. Tamasha la kimataifa la jazz la kampuni ya simu ya Safaricom, lililoanza mwaka 2014, lilielekeza mapato yake kwa Ghetto Classics, mpango unaowafunza muziki watoto wa Korogocho, na wanafunzi hao wenyewe walipanda jukwaani na kupiga. Mtu aliyenunua tiketi aliona kwa macho yake pesa yake inakokwenda. Hafla ya wanyamapori haina nafasi hiyo, na hapo ndipo waandaaji wengi huingiwa na wasiwasi kwamba wageni watachoka au hawataguswa. Mimi ninasema mleteni mlezi. Simaanishi mkurugenzi wala mwenyekiti wa bodi. Namaanisha mtu anayeamka saa nane za usiku kupasha maziwa moto.

Mlezi mmoja niliyewahi kumsikia alipanda jukwaani na vitu viwili tu, blanketi la kijivu na chupa kubwa yenye chuchu ya mpira. Aliwaomba wapiga ngoma wawili walishike blanketi hilo huku na huku likining'inia, kisha akaeleza kwamba ndama wa ndovu anaponyonya hupenda kuuegemeza mkonga wake kwenye mwili wa mama, na kwamba yatima akinyimwa kitu cha kuegemea huweza kuikataa chupa. Akaingiza chupa chini ya blanketi, akainama, akaonyesha namna ya kuishika. Aliendelea kusimulia kwamba ndama wachanga hawawezi mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe, na kwamba Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa shirika la Sheldrick, alihangaika kwa miaka mingi hadi alipopata mchanganyiko uliowafaa, wenye mafuta ya nazi. Baada ya maelezo hayo, bei ya tiketi haikuhitaji kutetewa, kwa maana kila mtu alijua kwamba maziwa hayo hununuliwa, hukorogwa na hunyweshwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku.

Mlezi apewe dakika kumi, si zaidi, na zamu yake iwe kati ya awamu ya kwanza na ya pili ya muziki. Akizungumza kabla ya muziki, nusu ya wageni hawajafika. Akizungumza baada ya chakula, sauti yake hushindana na sahani. Azungumze lugha anayoimudu, na mara nyingi hiyo ni Kiswahili, hata kama ukumbi umejaa wageni wa kutoka nje. Mtafsiri hupatikana kwa urahisi kuliko uhai wa maneno yenyewe. Ninapenda pia bendi iendelee kuwapo jukwaani anapozungumza, mpiga besi na mpiga kinanda wakiwa kwenye vyombo vyao, ili akimaliza muziki uanze pale pale bila mshereheshaji kuingiza matangazo ya wadhamini.

Wanamuziki walipwe. Hafla ya hisani haimpunguzii mpiga saksafoni kodi ya nyumba, na bendi iliyolazimishwa kujitolea hupiga kama iliyolazimishwa. Tafuta mfadhili wa kugharamia bendi, ukumbi na mitambo, kisha tangaza waziwazi kwamba pesa za tiketi zinakwenda kituoni. Eleza pia ni jazz ya namna gani, kwa kuwa wazee waliolelewa na bendi za zamani za Tanzania kama Western Jazz, Morogoro Jazz au Atomic Jazz ya Tanga watakuja wakitarajia magitaa na dansi, huku vijana wakitarajia saksafoni na mipigo ya kubuni papo hapo. Ukiweza kuwapa wote kitu, usiku wako utajaa. Wengi hupenda tarehe 30 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Jazz iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011, ila kumbuka kwamba Nairobi siku hizo ni msimu wa masika, kwa hiyo tafuta mahali penye paa.

Mahali penyewe pasiwe kituoni. Wanyama walio vizimbani hawana pa kukimbilia, na sauti ya besi husafiri mbali usiku. Ukifanyia Pwani, taa zisielekezwe ufuoni, kwa kuwa kasa wachanga wanaoanguliwa hufuata mwanga na kuipoteza bahari. Fataki na maputo ya kurushwa angani yaondolewe kwenye mpango tangu mwanzo.

Katika matangazo, kataa picha ya mtu amembeba mtoto wa tumbili au sokwe hata kama ni nzuri kiasi gani. Mwaka 2021 wataalamu wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, walitoa mwongozo kuhusu picha za wanyama wa jamii ya nyani, wakionya kwamba picha za watu wakiwa wamewashika huwafanya watazamaji wadhani ni wanyama wa kufugwa nyumbani. Kwa sababu hiyo hiyo, mnada usiuze nafasi ya kumkumbatia mnyama. Uza mchoro, uza somo la gitaa, uza ufadhili wa matibabu ya mnyama atakayebaki mbali na mnunuzi.

Upande wa elimu ndio unaosahaulika zaidi, nao una mambo mengi ya kuwapa wageni hata kabla hawajaondoka. Waambie kwamba mtoto wa paa aliyelala peke yake kichakani kwa kawaida hajatupwa; mama yake humficha na kwenda malishoni, na anayemchukua kwa huruma ndiye anayemfanya yatima. Waambie kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na kwamba anayemkuta amejeruhiwa aiarifu KWS, shirika la serikali la kusimamia wanyamapori. Zungumza pia kuhusu bundi, ambaye huuawa akilia juu ya paa kwa kudhaniwa ametabiri kifo, ilhali anawinda panya walewale wanaomaliza mahindi ghalani. Mambo haya yanahitaji kufika shuleni, kwa hiyo tenga sehemu ya mapato ya mnada kwa ajili ya basi la kuwapeleka wanafunzi kwenye ziara ya kujifunza. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe, na shule yenye kilabu hai huwa tayari ina mwalimu wa kukuandalia ziara hiyo.

Pesa zipokelewe kwenye nambari ya Paybill, yaani nambari ya malipo kwa simu, ya kituo chenyewe, si kwenye simu ya mjumbe wa kamati. Kabla mwezi haujaisha, mpelekee kila aliyenunua tiketi hesabu ya ukurasa mmoja inayoonyesha kilichopatikana, kilichotumika na kilichonunuliwa, pamoja na habari za mnyama ambaye kisa chake kilisimuliwa usiku ule. Iwapo amekufa, kwa kuwa wengi hufika wakiwa wamechelewa mno kupona, andika kwamba amekufa, taja sababu aliyoitoa daktari, na ueleze fedha zilizokuwa za matibabu yake zimeelekezwa kwa mnyama gani.