Uchumi HGE bila kuusoma O-level

Mdogo wangu, umeuliza kama utaiweza Uchumi ya HGE (mchepuo wa A-level wa Historia, Jiografia na Uchumi) wakati hukuisoma mpaka kidato cha nne. Utaiweza kabisa, darasani wengi mtaanza sifuri pamoja. Kinachoangusha watu ni kukariri noti badala ya kuelewa kwa mifano. Chukua mchele: bei ya kilo ikipanda toka 2,000 hadi 2,200, na muuzaji aliyekuwa anauza kilo 100 kwa siku akauza 80, bei imepanda asilimia 10, mauzo yameshuka asilimia 20. Gawanya 20 kwa 10, unapata 2, yaani mauzo yameshuka mara mbili ya bei ilivyopanda: wateja wanajali sana bei. Chora mchoro wa bei hizo na kilo zilizouzwa kwa mkono wako, bei mhimili wa wima. Na BAM (hesabu za msingi za A-level, Basic Applied Mathematics) usiidharau hata kidogo, grafu ziko humo.